Kilo Mia Moja na Mbili

Jumatatu ya pili ya Januari, saa mbili kasoro asubuhi, Antoinette alisimama mbele ya ghorofa lao la Albert Park, Durban, mwiko mkononi, akawa anasimamia upakiaji. Gari lenyewe lilikuwa limeegeshwa nusu barabarani, nusu juu ya njia ya waenda kwa miguu. Ni yale magari yenye nyumba ndani, kitanda, jiko na choo kidogo cha kuingia kwa ubavu, ambayo wenyeji wa hapa huyaita kampa. Antoinette alikuwa ameliazima kwa siku saba kutoka kwa bibi mmoja mzungu wa mtaa wa Umbilo, ambaye yeye humfuata nyumbani kumtengeneza nywele tangu bibi huyo afiwe na mumewe. Januari saluni za mjini hulala, maana kila mwenye kichwa ameshasukwa kwa ajili ya Krismasi. Antoinette akaamua kwamba mwaka huu na wao watatembea kama watu: pwani ya kusini, kisha milimani, kisha nyumbani.

"Ile sufuria kubwa iingie! Na ile ya ugali! Na spika!"

"Mama, tunaenda kutembea ama tunahama?" aliuliza Doudou.

Doudou hutengeneza simu katikati ya mji, na anasifika kwa kukubadilishia kioo huku anakusimulia habari za mwenye simu aliyekutangulia. Safari hii ndiye aliyekuwa dereva, kwa sababu katika wote wanne ndiye peke yake ambaye leseni yake ingeweza kutazamwa na polisi bila mtu kuanza kusali.

Aliyekuwa akipakia hasa ni Athanase. Watu wa Albert Park humwita Commandant, kama Wakongo wanavyomwita rubani. Ni mtu wa miaka hamsini na moja, mwembamba, shati limepigwa pasi hata siku ya kubeba masufuria. Alinyanyua kila kitu mara moja tu, akakipima kwa mkono, akasema.

"Sufuria, kilo nne na nusu. Nyuma. Mchele, kumi. Katikati, juu ya magurudumu. Hii spika ni kumi na nane, mutanisamehe, haikai upande mumoja na friji."

Ernestina, Mtanzania wa Moshi anayesuka kwenye saluni ya Antoinette, alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kampa anakula ndizi. "Commandant, na mimi je?"

Athanase alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Sitini na tatu." Akafikiri kidogo. "Na viatu."

"Jamani! Mwanamke anapimwa hadharani?"

"Njo akili ya rubani hiyo," alisema Antoinette kwa fahari, kana kwamba yeye ndiye aliyemsomesha. "Ndege si kama taxi. Ndege inataka hesabu."

Athanase alirudi kwenye masufuria.

Na ukitaka kujua ukweli, Athanase hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba yeye ni rubani. Wiki yake ya kwanza Durban alikaa kwenye saluni ya Antoinette akisubiri mtu wa kumwonyesha pa kulala, na mteja mmoja, kichwa chini ya mashine ya kukaushia nywele, akamuuliza kule Congo alikuwa anafanya nini. Akajibu, "Nilikuwa wa ndege." Basi. Kabla ya jioni jibu hilo lilikuwa limefika Umbilo, limerudi, na limevaa kofia ya kirubani. Jumapili kanisani mchungaji alimsalimia "Commandant". Athanase alifungua mdomo ili amsahihishe, lakini kwaya ikaanza, akaufunga. Huo ulikuwa mwaka wa kwanza. Sasa ulikuwa wa kumi na moja, na kwa sababu ya cheo hicho na sauti yake nzuri, yeye ndiye huita majina kwenye harusi zote za Wakongo wa mjini. Husimama mlangoni mwa ukumbi na karatasi, anaita familia moja moja, nazo huingia zikicheza. Watu husema harusi ambayo Commandant hajaita majina ni kikao tu.

Waliondoka saa tatu. Antoinette aliomba, Athanase akasoma zaburi kutoka kwenye Biblia yake ndogo yenye zipu, Doudou akapiga honi. Kwenye robot ya kwanza, yaani taa za barabarani, sufuria kubwa ilianguka. Kwenye robot ya pili Antoinette aligeuka nyuma, macho yanang'aa, akatangaza kwamba kuna jambo hawakulijua.

"Safari hii inaanza na Commandant. Tutapita kwanza kwenye makumbusho ya ndege za vita, kule kusini, karibu na uwanja wa ndege wa zamani. Aone ndege zake. Tupige foto. Miaka kumi na moja anatuita majina na hatujamufanyia kitu!"

Ernestina alipiga vigelegele. Athanase alishukuru. Alisema haikuwa lazima, kwamba bahari ni nzuri zaidi asubuhi, kwamba ndege za zamani huwa na vumbi na Antoinette ana kifua. Antoinette akasema unyenyekevu wake utamuua.

Makumbusho yalikuwa mabanda mawili makubwa ya bati nyuma ya uzio. Mlangoni palikuwa na mlinzi aliyevaa kizibao cha kijani, ambaye siku ambazo wageni ni wachache pia ndiye anayewazungusha. Aliwasikia wakibishana kuhusu mahali pa kuegesha, akawajia kwa Kiswahili kilichonyooka.

"Karibuni, ndugu zangu. Ladislaus, wa Bukoba. Msiegeshe hapo, hapo nyuki."

Banda la kwanza lilikuwa na ndege za kupigana, nyembamba, pua zimechongoka, kila moja na kibao chake. Ladislaus alieleza ipi iliruka wapi na nani alianguka nayo. Doudou alipiga picha. Antoinette alikuwa akimsukuma Athanase mbele ya kila ndege, amwambie Ladislaus jambo ambalo Ladislaus halijui. Athanase alisema, "Ni ndege nzuri." Mbele ya ndege ya tatu alisema, "Hii pia."

Banda la pili lilikuwa na ndege moja tu, ndege ya mizigo ya zamani, nene, rangi ya majivu, yenye panga boi mbili. Haikuwa imekaa chini. Ilikuwa hewani, kiasi cha mita moja kutoka kwenye sakafu, imetulia, imefungwa kwa kamba nne kwenye pete za chuma kama ng'ombe aliyeletwa mnadani. Mlangoni palikuwa na ngazi ya mbao iliyoongezwa vipandio vitatu ili ifike.

"Hii mbona iko juu?" aliuliza Ernestina.

"Haijatua," alisema Ladislaus. "Ilikuwa ya jeshi la hapa. Baadaye ikauzwa Congo, ikabeba mizigo misituni miaka mingi, halafu mkubwa mmoja wa makumbusho akaikuta inaoza akaileta nyumbani. Ilipofika ilikuwa hivi hivi. Tulifikiri ni upepo uliobaki ndani. Tukafungua madirisha, wapi."

"Muweke mizigo," alisema Doudou.

"Tuliweka. Fundi alikuja na vyombo vyake, akasema inapungukiwa kilo mia moja na mbili. Tukapima mchanga, mia na mbili kamili, tukapakia. Haikushuka hata kidole. Mchanga haiutaki." Aliivuta kamba moja kuona kama imekaza. "Wageni wakipanda inashuka kidogo. Wakitoka inapanda tena. Tumezoea. Alhamisi tunafagia chini yake, ni rahisi kuliko zile nyingine."

Antoinette alisema hata pikipiki ya kaka yake ilikuwa na tabia za namna hiyo.

Athanase alikuwa ameshaona kiraka. Kilikuwa chini ya mlango wa mizigo, ukubwa wa sahani, kipande cha bati la mafuta ya kula, na maandishi mekundu ya kopo bado yanasomeka kichwa chini. Alikipiga misumari yeye mwenyewe, kwenye kiwanja cha ndege cha Lukumbo, ndani ya msitu wa mashariki ya Congo. Aliangalia chini ya bawa. Hapo palikuwa na mkeka, na juu ya mkeka mwanamke na watoto wawili, wa kiume na wa kike, wamekaa na mzigo uliofungwa kwa kitenge cha manjano.

"Na hawa?" aliuliza Antoinette, ambaye hawezi kupita penye mtu bila kumsalimia.

"Hao ni abiria," alisema Ladislaus. "Walifika mwaka juzi kwa miguu. Hawasumbui mtu. Saa nne tunawapa chai."

Antoinette alikuwa ameshachuchumaa. "Jambo, mama. Munatokea wapi?"

"Lukumbo," alisema mwanamke.

"Lukumbo! Commandant, sikia! Ni batu ba kwenu!"

Mwanamke alimtazama Athanase. Hakuonyesha kushtuka wala kukasirika. Alimtazama kama mtu anavyomtazama karani ambaye dirisha lake limefunguliwa kwa kuchelewa. "Tunamujua," alisema. "Jambo, Bwana Kilo."

"Jambo, Mama Elysée," alisema Athanase. Sauti ile nzuri ilikuwa imebaki kidogo tu.

"Bwana Kilo!" Doudou alicheka hadi simu ikamtikisika mkononi. "Commandant, kumbe una majina mengi! Bwana Kilo ni ya nini?"

Wote walimgeukia. Hapo nafasi ilikuwa wazi, pana kama mlango wa banda, na jibu lilikuwa fupi. Athanase alivuta shati lake chini.

"Zamani nilikuwa munene," alisema.

Walicheka sana. Antoinette alimpiga begani. Yule mwanamke hakucheka wala hakumkanusha. Alifunua kiganja cha kulia, akakiweka juu ya goti kama anayepumzisha mkono. Hapo palikuwa pameandikwa kwa biki: 58.

Kwenye viwanja vile vya msituni kazi ilikwenda hivi. Ndege ikija, kila mtu anapanda kwenye mizani, yeye na mzigo wake, na mpima anamwandikia kilo kwenye kiganja kwa biki, asije akaenda nyuma ya vibanda akaongeza gunia. Kisha anaziandika kwenye orodha pamoja na jina. Lakini hupandi kwa sababu umepimwa. Unapanda ukiitwa. Mpima anasimama chini ya mlango, anasoma jina kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa nyasi, nawe unajibu "Présent!" na kupanda ngazi. Ambaye hajaitwa anakaa chini, hata kama ndege ina nafasi, hata kama rubani ni shemeji yake. Watu wa kule wanaifuata sana taratibu hiyo. Athanase alikuwa mpima wa Lukumbo miaka tisa. Hakuwahi kukaa kwenye kiti cha rubani. Aliwahi kukifuta vumbi.

Siku ile, mwezi wa sita mwaka 2012, bunduki zilianza kusikika asubuhi upande wa mto. Ndege ilikuwa moja. Orodha ilikuwa imejaa, na majina matatu ya mwisho yalikuwa Wabiwa Yvette, yaani Mama Elysée, kilo hamsini na nane pamoja na mzigo. Elysée, ishirini na saba. Grâce, kumi na saba. Alikuwa ameshaita wengine wote, ametia alama mbele ya kila jina, walipokuja askari wawili wamebeba kiti cha sebuleni cha velveti nyekundu, mali ya mkubwa wao, wakasema hiki kinapanda. Athanase alikinyanyua upande mmoja. Kilo thelathini na sita. Kumwambia askari hapana hakuweza, na jambo hilo pengine mtu angemsamehe. Lakini akili yake iliyozoea kujumlisha haikusimama pale. Kiti kikipanda, ni lazima mtoto abaki. Mtoto akibaki, mama habanduki. Basi wote watatu wanabaki, na kwenye mia na mbili, ukitoa kiti, zinasalia sitini na sita. Na sitini na sita zilikuwa zake mwenyewe, na viatu.

Alikunja orodha, akaiweka ndani ya Biblia, akapanda. Kwa kuwa hakukuwa na pengine pa kukaa, alisafiri amekalia kile kiti.

Ndege iliondoka saa saba. Wenye bunduki walifika Lukumbo saa tisa. Yvette na wanawe walikufa alasiri ile ile, karibu na mizani, na jua lilipopungua ukali wakaamka, wakafunga mzigo na kuanza kutembea kuifuata ndege. Iliwachukua miaka mingi kwa sababu katika kila kiwanja walisimama na kuuliza.

Hayo yote Athanase aliyajua bila kuambiwa, ila lile la kutembea, ambalo Yvette mwenyewe alikuwa akimweleza Antoinette wakati huo. Antoinette alikuwa akisema "Pole, mama, eish, pole," na kuulizia barabara za Zambia, maana dada yake naye alipitia huko.

"Na sasa munangoja nini?" aliuliza Antoinette.

"Tuitwe," alisema Yvette. "Tuko kwenye liste. Wa kuita akituita, tutapanda."

"Akiwaita, ndege nayo itatua," aliongeza Ladislaus. "Ndivyo wanavyosema. Mimi nilijaribu kuwaita mwenyewe, niliwauliza majina, nikayasoma. Wakaniambia asante, kaka, lakini si wewe."

Elysée alikuwa akimtazama Athanase viatu. Grâce, mdogo, umri kama miaka mitano, alikuwa akipuliza kiganja chake, kama mtu anayekausha wino.

Hapo ndipo Antoinette alipopiga makofi. Alikuwa na wazo, na Antoinette akiwa na wazo hata mchungaji hukaa chini. "Commandant! Tuite! Kama ya harusi! Utuite majina, tupande ndege kwa heshima, Doudou apige video. Nitaituma kwa kundi la kanisa leo leo!"

"Antoinette, tuwahi bahari," alisema Athanase.

"Bahari inaenda wapi? Ita!"

Doudou alirudi nyuma hatua tatu akainua simu. Ladislaus alisogeza ngazi. Athanase akajikuta amesimama palepale alipokuwa akisimama, chini ya mlango wa mizigo, kiraka karibu na bega lake. Mkono wake ulifungua zipu ya Biblia. Karatasi ilikuwa katikati ya zaburi, imelainika kama kitambaa. Aliikunjua. Ernestina, ambaye alikuwa amesimama karibu, aliona safu ya majina yenye alama, na chini kabisa majina matatu yasiyo na alama.

Kwenye mkeka Yvette alisimama. Alikung'uta kitenge, akaweka mzigo kichwani, akamshika Grâce mkono. Elysée alichomeka shati ndani ya kaptura. Walikuja wakapanga mstari nyuma ya Antoinette na Ernestina, bila kusukumana.

Athanase alivuta pumzi. Pumzi ilikuwepo. Sauti ilikuwepo, hiyo hiyo ya kumbi zote za Durban. Yvette alikuwa akimtazama mdomo. Doudou, nyuma ya simu, alisema, "Twende, rubani wetu! Inarekodi!"

Ilikuwa inarekodi. Athanase aliona akilini kundi la kanisa, watu mia mbili na kumi na nne, wakisikiliza jina la Wabiwa Yvette na kuuliza ni nani, na Antoinette, ambaye hawezi kuacha swali bila jibu hata kwa siku moja, akilitafutia jibu hadi alipate. Aliona mlango wa ukumbi na mtu mwingine amesimama pale na karatasi.

"Antoinette!" aliita.

"Présent!" Antoinette alipanda akizungusha kiuno. Ndege ikashuka kidogo. Yvette alisogea hatua moja.

"Ernestina!"

Ernestina alichelewa kuitika. Aliangalia karatasi, akawaangalia waliokuwa nyuma yake. "Nipo," alisema, akapanda. Yvette alisogea hatua nyingine. Sasa walikuwa wamefika mwanzo wa ngazi, yeye na watoto.

Athanase aliitazama karatasi kwa muda ambao kwenye video unaonekana mrefu.

"Doudou!"

"Présent, mon commandant!" Doudou alipita pembeni mwao, samahani mama, samahani, akapanda ngazi akiendelea kurekodi. Ndege ilishuka hadi ikabaki kama kiganja kimoja kutoka sakafuni. Hapo ikatulia.

Athanase alikunja karatasi. Yvette alisubiri kidogo, akidhani labda amesita ili akohoe tu, au ageuze ukurasa. Kisha alirudi kwenye mkeka, akatua mzigo, akakaa. Elysée akakaa. Grâce alibaki amesimama chini ya ngazi, kwa sababu alikuwa mdogo na hakujua kwamba kuita kumekwisha, mpaka Ladislaus alipomshika mkono na kumrudisha.

Ndani ya ndege kulikuwa tupu, isipokuwa kiti kimoja cha velveti nyekundu, kimekatika mguu. Walipiga picha wamekikalia kwa zamu. Zamu ya Athanase ilipofika alikaa kama wenzake, mikono juu ya magoti. Ndiyo picha iliyopendwa zaidi na kundi la kanisa.

Kutoka hapo waliendelea na safari. Waliiona bahari, wakala samaki, kampa ikazima mara mbili, Doudou akaumwa na nyuki aliyekuwa ameingia kule kwenye maegesho. Siku ya tatu, Antoinette na Doudou wakiwa wamekwenda kutafuta gesi, Ernestina aliuliza huku anamenya viazi, bila kuinua macho.

"Ile karatasi ni ya nini?"

"Ni ya sala," alisema Athanase.

"Haya," alisema Ernestina, akaendelea kumenya. Tangu siku hiyo hajamwita tena Commandant. Mbele za watu hamwiti kitu. Wakiwa wawili tu humwita Bwana Kilo, kwa adabu kabisa, nitolee hiyo ndoo, Bwana Kilo, naye huitika.

Sasa kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi Athanase hupanda taxi ya kusini akiwa na mikate miwili, maziwa na juisi ya embe. Ladislaus hamtozi kiingilio. Albert Park yote inajua. Kwenye saluni Antoinette huwasimulia wateja moyo alionao Commandant, mtu mkubwa namna ile, kwenda kukaa kwenye mkeka na wakimbizi wa kwao, na wateja chini ya mashine huitikia kwamba watu kama hao wamebaki wachache. Mwezi wa nne alichaguliwa mwenyekiti wa jumuiya, bila mpinzani.

Jumamosi iliyopita alikuta kamba za ndege zimebadilishwa minyororo, kwa kuwa mwezi wa tatu ilikuwa imepanda kidogo zaidi. Yvette alipokea mikate kwa mikono miwili, akashukuru. Elysée alikata vipande. Grâce alikuja akasimama mbele ya Athanase, akanyoosha mkono.

"Bwana Kilo, yangu imefutika."

Kweli ilikuwa imefutika. Moja ilionekana, saba haikuonekana. Athanase alitoa biki mfukoni, mpya. Alimshika mkono, akaandika upya, 17, tarakimu zimenyooka, jinsi alivyokuwa akiandika siku zote. Kisha akaandika ya Elysée. Kisha Yvette naye akafunua kiganja, akaandika ya Yvette. Alifanya kazi hiyo vizuri na bila haraka. Biblia ilikuwa kwapani, imefungwa zipu.

"Ni leo?" aliuliza Grâce.

"Bado," alisema Athanase.

Grâce akafumba kiganja polepole, wino usije ukafutika kabla hajaitwa.